Mchezo wa Mwaka 1985 Katika Kompyuta za Leo

Ni nyumba chache leo zisizokuwa na kompyuta, au walau simu yenye nguvu nyingi kuliko kompyuta za zamani, na vijana hucheza humo michezo ambayo wazazi wao aghalabu hawaijui hata jina. Lakini wako pia watu wazima, khasa waliokulia Ulaya na Marekani, watamanio kuucheza tena mchezo walioucheza utotoni na kuwaonyesha watoto wao. Nao hushangaa kuona kuwa kitu cha miaka arubaini kimekuwa kigumu kufunguliwa kuliko kitabu cha miaka mia nne. Kitabu ukikihifadhi na mchwa na maji, kitasomeka kwa macho yale yale. Mchezo wa kompyuta hausomeki kwa macho. Wahitaji mashine yake, na mashine yake imekwisha kufa.

Na tuchukue mmoja uliotukuka kati ya michezo hiyo, nao ni Ultima IV, uliotolewa mwaka 1985 na kampuni ya Origin Systems. Mtungaji wake ni Richard Garriott, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1961 akakulia Texas, na baba yake, Owen Garriott, alikuwa mmoja wa wanaanga wa Marekani. Mchezo huu ni wa namna ile ambayo mchezaji hujifanya msafiri katika nchi ya kubuni, yenye miji na mapango na madubwana, akakusanya wenzake na silaha, akaenda huku na huko akiuliza khabari.

Michezo ya namna hiyo zamani zile ilikuwa na maana moja tu: yuko adui mkuu, mtafute umwue. Garriott mwenyewe alikwisha kutunga mitatu kama hiyo. Baada ya ule wa tatu, wa mwaka 1983, zikamfikia barua za wachezaji na za wazazi, nyingine za kumlaumu, naye akatambua kuwa watu walikuwa wakiiba madukani na kuua raia wasio na hatia ndani ya mchezo ili wafike mwisho upesi, kisha wakaitwa mashujaa. Basi wa nne akautunga kwa njia nyingine kabisa. Humo hamna adui mkuu. Kazi ya mchezaji ni kujirekebisha yeye mwenyewe katika sifa nane: ukweli, huruma, ushujaa, uadilifu, kujitolea, kulinda heshima, uchaji na unyenyekevu.

Tazama jinsi alivyolipanga jambo hilo. Katika miji fulani yuko bibi kipofu auzaye dawa za mitishamba. Yeye hutaja bei, na mchezaji huandika kiasi anachompa. Ukimpa sarafu chache kuliko alizotaja, hupokea, hakusuti, wala askari haji. Unatoka dukani umefaidi. Lakini mchezo umeandika kimya kimya, na baadaye sana, umekwisha kusahau, wakwenda kudai daraja ya ukweli na kuambiwa kuwa hujaistahili. Kadhalika ukimpa maskini sadaka, huruma yako huongezeka. Ukitoa damu yako kwa ajili ya wagonjwa, kujitolea kwako huongezeka. Ukimkimbia adui mwovu vitani, ushujaa hupungua. Na mtu akikuuliza swali la kukujaribu nawe ukajisifu, unyenyekevu wako hupungua. Hesabu zenyewe huzioni. Yuko mzee mmoja katika jumba la mfalme awezaye kukueleza hali yako, na hata yeye hasemi kwa tarakimu.

Hatuwafichi wazazi kuwa ndani ya mchezo huu mna pia mpiga ramli, na madawa ya uchawi, na ibada za kubuni. Mzazi aucheze kwanza mwenyewe, kisha aamue.

Sasa, ugumu uko wapi? Diski nyembamba za sumaku zilizobeba michezo hiyo huharibika kwa umri. Kompyuta ya Apple II, ambayo kwayo mchezo huu ulitungwa, ilikuwa na prosesa ya mapigo kama milioni 1 kwa sekunde. Za leo hupita bilioni 3. Programu nyingi za zamani zilipima wakati kwa mwendo wa mashine yenyewe, kwa hiyo ukiziendesha upesi, mambo hupita kabla jicho halijaona. Tena Windows ya kompyuta za kisasa za biti 64 haikubali kabisa programu za biti 16 za siku zile.

Dawa iliyopatikana ni ya ajabu. Watu wakaandika programu ijifanyayo mashine ya kale ndani ya mashine mpya. Mashuhuri katika hizo ni DOSBox, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, bure kwa kila mtu. Mchezo huingizwa humo nao hudhani uko katika kompyuta ya miaka ya 1980. Ukienda mbio mno, bonyeza Ctrl na F11, mwendo hupungua. Ctrl na F12 huuongeza. Wengine wameifuata njia nyingine, wakauandika upya uendeshaji wa Ultima IV katika programu iitwayo xu4, ili uende katika mashine za leo bila ya kuigiza.

Haki ya mwenye mali nayo ni jambo la kuangaliwa. Kuwa mchezo ni mkongwe si ruhusa ya kuunakili ovyo. Kwa bahati njema, tangu mwaka 2011 duka la GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, limekuwa likiutoa mchezo huu bure kwa idhini ya wenyewe. Michezo mingi mingine haikupata bahati hiyo. Uchunguzi wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa katika kila michezo 100 ya zamani iliyotolewa Marekani, 87 haiuzwi tena. Kampuni ya Beamdog, iliyoifufua Baldur's Gate mwaka 2012, ilitaka kuifufua pia Icewind Dale II ya mwaka 2002, ikakuta maandishi asili ya programu yake yamepotea. Na mwezi wa Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba ziwape watafiti michezo isiyouzwa tena waitumie wakiwa mbali. Sisi twaona kukataa huko ni kosa, maana kitu kisichouzwa na mtu yeyote hakimpunguzii mtu faida.

Atakayeanza Ultima IV leo asiviache vile vitabu viwili vya asili, ambavyo GOG huvitoa pamoja na mchezo, kwani mapishi ya dawa yamo humo wala hayamo katika skrini. Achukue na daftari. Mchezo haukuandikii neno lolote la kukumbuka. Kila asemalo mwenyeji wa mji, uliandike wewe. Mazungumzo ni kwa Kiingereza, nawe huandika neno unaloulizia, na herufi nne za kwanza zatosha. Mtoto asiyekijua sana Kiingereza atahitaji mtu mzima wa kukaa kando yake, mmoja akisoma na mwingine akiandika, na huenda wakafika dukani kwa yule bibi kipofu, wakabishana wampe ngapi.