Buibui huyu havaliwi, analelewa!

Ukisikia buibui, kinachokujia kichwani ni vazi la shangazi yako wa Tanga. Sasa Tanga hiyo hiyo, kule milima ya Usambara, kuna buibui mwingine. Huyu ana miguu minane, manyoya mwili mzima na rangi ya chungwa lililoiva. Ni jamii ya tarantula. Wataalamu wanamwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa na Mwingereza R. I. Pocock mwaka 1897.

Kinachonichekesha ni kwamba sisi tukimwona tunatafuta kandambili, wakati wenzetu wa Ulaya na Marekani wanamlea ndani kama kifaranga. Tena wanaanza naye akiwa mchanga, mwili kama punje ya choroko. Nimeufuatilia ulezi huo, na kwa taarifa yako, si mchezo.

Nyumba ya mtoto ni kikopo cha plastiki, mfuniko umetobolewa vitundu vidogo kuliko yeye. Ndani kuna udongo wa kuchimba shimo, pembe moja ikiwa na unyevunyevu. Kila mtoto na kikopo chake, maana ndugu kwa ndugu wanaweza kulana. Na kisiwe kirefu: akianguka vibaya tumbo hupasuka, kwaheri.

Menyu yake ni inzi wa matunda au kitoto cha nyenje, kisichozidi tumbo la mlaji. Mabaki yatolewe kesho yake. Akisusa, usimlazimishe. Mara nyingi anakaribia kujivua gamba, na hapo ndipo wageni wanapoula wa chuya. Wanamkuta kalala chali, miguu juu, wanadhani kafa, wanamtupa. Masikini, kumbe alikuwa anakua! Tarantula aliyekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya tumbo. Aliyelala chali muache, usimguse. Na kama kuna nyenje mle ndani mtoe haraka, kwani ngozi mpya ni laini na chakula kinaweza kumtafuna mlaji.

Halafu kuna bahati nasibu. Ukimpata mchanga hujui kama ni dume au jike. Dume hupevuka mapema, na baada ya hapo wengi hawamalizi mwaka. Jike anaweza kukaa nawe miaka 10 na ushee. Kuna ndoa ngapi mjini hazifiki hapo!

Ila usijidai kumshika mkononi ili umtishe demu wako. Jamaa ni mwepesi kupita maelezo, na akikuuma utalia mchana kweupe, misuli inakukaza. Wanaomjua wanamtazama kwa macho tu.

Sasa hoja yangu ni hii. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100 katika mfuko mmoja wa hariri. Yaani mama mmoja aliyefugwa anawatosha walezi mia, bila mtu kwenda Usambara na jembe. Anayechimba porini anabeba jike mzima, aliyechukua miaka kukua, na kizazi chake chote kinakwenda naye. Ndiyo maana nasema kulea kitoto cha kikoponi kuna heshima kuliko kununua mkubwa aliyeporwa shimoni.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana naye Lushoto weka kandambili chini, mpishe apite. Na wewe ndugu yangu wa majuu unayetaka kufuga, muulize muuzaji swali moja tu: huyu kazaliwa kikoponi au kachimbwa?