Tuombane radhi kabla ya saa sita usiku

Wiki hii ya mwisho wa Desemba kila mtu ana orodha yake. Mwakani nitaweka akiba, nitaacha pombe, nitaezeka ile nyumba, nitasali kwa wakati. Sina neno baya na maazimio. Kinachonisumbua ni kwamba tunakimbilia kuahidi ya kesho ilhali ya jana hatujayafunga. Ndiyo maana ikifika katikati ya Januari, ada za shule zimeshabisha hodi na moyo uko pale pale ulipokuwa Novemba: na yule ndugu bado hatusemeshani, na yule rafiki anayetudai tunamkwepa kwa kupita uchochoro mwingine.

Wazee wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, waliliona hili zamani. Mwaka wao hauanzi Januari. Wanafuata hesabu ya Nairuzi, ambayo asili yake ni Uajemi, mwaka wa jua wenye siku 365 ambao watu wa pwani waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi ili kujua majira ya pepo na ya kupanda. Kwa kuwa hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, siku ya mwaka imekuwa ikisogea polepole, na siku hizi huangukia Julai. Siku hiyo, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani wakachapana kwa vipande vya mgomba. Zamani zilikuwa fimbo. Mgeni huona ni mchezo, na kweli kuna kicheko kingi, lakini mwenye kinyongo hukitoa pale pale, mchana kweupe, mbele ya watu, kikaishia hapo. Kisha banda la makuti hutiwa moto, aliyekuwa ndani hutoka mbio, na wazee hutazama moshi unaelekea wapi. Wanawake waliovalia kanga zao nzuri huimba, na baadhi ya maneno yao ni makali, hayasemeki siku nyingine yoyote. Baada ya yote hayo ndipo watu wanakula, na haipendezi nyumba kukosa mgeni siku hiyo.

Ninachokipenda kuliko moto na ngoma ni ule mpangilio. Kinyongo hutoka kwanza, chakula kinafuata. Sisi wa Januari tunaanza na pilau.

Hata mkesha wetu wa kanisani ulikuwa na mpangilio wa namna hiyo. Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891 na ambao leo ni wengi sana Mbeya na Tabora, wana desturi ya mkesha iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1733. Katika desturi hiyo, usiku wa tarehe 31 Desemba ushirika husomewa taarifa ya mwaka unaokwisha: waliozaliwa, waliofariki, yaliyolipata kanisa, yaliyoipata dunia. Watu hukaa kimya wakisikiliza mwaka wao ukitajwa. Saa sita ikitimia tarumbeta hulia, hata kama mhubiri yuko katikati ya sentensi, na mahubiri yakaishia hapo. Nausifu sana utaratibu huo, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuingia mwaka mpya bila kuusikiliza wa zamani. Katika mikesha mingi ya mijini siku hizi sehemu hiyo imefupishwa au imeondolewa kabisa. Tunatangaziwa kuwa huu ni mwaka wa kuinuliwa, tunapiga vigelegele, tunarudi nyumbani alfajiri na kinyongo kile kile. Furaha hiyo naiheshimu, maana kuvuka mwaka ukiwa hai ni neema. Lakini moyo hautulii kwa kelele.

Kwa Waislamu mwaka hugeuka Muharram, ila kazi ya moyo ni hiyo hiyo, na wao hawaingojei hata siku ya mwaka. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiwekea kitabu kizima ndani ya *Ihya Ulum al-Din*. Anamchukua mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi huwekeana masharti, mchana humwangalia, jioni hukaa naye kwenye hesabu ya faida na hasara. Ndivyo mtu anavyotakiwa kuifanyia nafsi yake. Msomaji wa pwani, aliyelelewa na biashara, analielewa hilo bila mkalimani. Na haki ya Mungu, masheikh wetu wanavyofundisha, hufutwa kwa toba, ila haki ya binadamu mwenzako inabaki mpaka uirudishe au akusamehe.

Tena jambo hili tunalijua vizuri, sema tunalifanya tukiwa tumechelewa. Kwenye mazishi, msemaji wa familia husimama akaomba: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze kwa wanafamilia, kama marehemu alimkosea mtu, tunamwombea radhi. Kila ninapoyasikia maneno hayo makaburini najiuliza kwa nini mwenyewe hakuyasema akiwa na sauti yake.

Ule ujumbe wa simu unaosambazwa kila Desemba, "kama nilikukosea mwaka huu nisamehe", haufai kitu. Ukitumwa kwa watu wote, haujamwomba radhi hata mmoja. Radhi inataka jina la mtu na jina la kosa. Vilevile aliyekosa hana ruhusa ya kusema yaliyopita si ndwele. Maneno hayo ni ya aliyekosewa, akipenda, kwa wakati wake. Na aliyepigwa au kudhulumiwa halazimiki kwenda kukaa chumba kimoja na aliyemuumiza ili mwaka umwendee vizuri. Anaweza kumwachia Mungu akiwa mbali, mahali salama.

Pagumu zaidi ni pale mkubwa anapomkosea mdogo. Tumelelewa tukijua mtoto ndiye anayeomba radhi, kwa shikamoo na kichwa chini. Baba akimwita kijana wake akamwambia, "Mwanangu, siku ile nilikukosea," nyumba nzima hulala tofauti usiku huo, na heshima ya baba haipungui hata kidogo. Wapo watu wazima wenye wajukuu ambao bado wanayasubiri maneno hayo kutoka kwa wazazi walio hai.

Siku zilizobaki ni chache, na sishauri orodha ndefu. Chagua mtu mmoja, yule ambaye jina lake limekujia ukiwa unasoma hapa. Mwendee kabla ya tarehe 31, maana usiku wa mkesha hakuna anayemsikia mwenzake. Kama yuko mbali, mpigie, usimwandikie. Sema kosa lako, kisha mwachie nafasi, hata akinyamaza. Na kama ni deni, usiende mikono mitupu: peleka hata shilingi elfu kumi, na umtajie tarehe ya zinazobaki.