Siasa za Dunia Hazitaki Kasuku

Mwanafunzi anayeweza kutaja miji mikuu yote ya Afrika, akakuhesabia na wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama pasi na kugugumia, hustahili kupongezwa. Lakini katika somo la siasa za dunia, pongezi hizo ni za mlangoni tu. Akiingia ndani ataulizwa: kwa nini mmoja katika hao watano akikataa, azimio huanguka hata kama wenziwe kumi na wanne wameliunga mkono? Je, ni haki? Hapo ndipo kasuku hunyamaza.

Somo hili limo katika mtaala wa International Baccalaureate, au IB kwa ufupi, taasisi iliyoundwa Geneva mwaka 1968. Hapa kwetu, shule zinazofuata mtaala huo ziko Nairobi na Mombasa. Ni masomo ya miaka miwili, na alama huanzia 1 hadi 7. Mpango ulioanza kufundishwa mwaka 2024 umejengwa juu ya msingi wa nguvu na siasa, kisha una milango mitatu: haki na uadilifu; maendeleo na uendelevu; amani na migogoro.

Katika karatasi ya kwanza ya mtihani mwanafunzi huwekewa vyanzo mbele yake, akatakiwa avieleze, avilinganishe na kuvipima. Karatasi ya pili ni ya insha. Wa ngazi ya juu huongezewa karatasi ya tatu. Na wote hufanya mradi wa kutoka darasani, kukabili jambo la kisiasa kwa miguu yao wenyewe na kuliandikia ripoti.

Basi ni nani afauluye? Kwa maoni yangu, ni yule ajuaye mifano michache kwa undani, akaweza kuitumia kwa pande zote mbili za hoja. Mifano hamsini ya juujuu haimfai mtu kitu.

Natuchukue mfano ulio mlangoni petu, kesi ya bahari baina ya Kenya na Somalia. Tarehe 28 Agosti 2014 Somalia iliishitaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Kenya ilidai mpaka uende moja kwa moja kuelekea mashariki. Somalia ikataka uteremke kusini-mashariki, kwa mstari wa kati ya pwani mbili. Eneo lililogombaniwa lilizidi kilomita 100,000 za mraba. Mwaka 2021 Kenya haikushiriki katika kusikizwa kwa kesi, na tarehe 12 Oktoba mwaka huo mahakama ikachora mstari uliopita baina ya madai hayo mawili, ingawa karibu zaidi na ule wa Somalia. Kenya ikaikataa hukumu.

Mwanafunzi dhaifu ataisimulia hadithi hii kama nilivyoisimulia, kisha ataweka kalamu chini. Aliye hodari ndipo anapoanza. Kwanza atafasili neno: mamlaka kamili ya nchi ni nini? Ni nchi kujiamulia mambo yake bila kuamrishwa na nyingine. Je, nchi iliyokubali mahakama imeipunguza mamlaka hiyo, au imeitumia? Kisha atakumbuka kwamba kifungu cha 94 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa humtaka kila mwanachama atii hukumu ya kesi aliyohusika nayo, na kwamba aliyeshinda akikaidiwa aweza kwenda Baraza la Usalama. Lakini mwaka 1986 mahakama hiyo iliitia Marekani hatiani kwa vitendo vyake Nicaragua, na shauri lilipofika Barazani, Marekani iliangusha azimio kwa kura yake ya turufu.

Kwa hiyo sheria ya dunia ni karatasi tupu? Akikimbilia kusema hivyo, amepotea. Mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba rasi ya Bakassi ni ya Cameroon. Nigeria, yenye jeshi kubwa zaidi, iliondoa askari wake mwaka 2006 na kukamilisha makabidhiano mwaka 2008. Sasa mwanafunzi ana kesi tatu zinazobishana zenyewe kwa zenyewe, naye yuko katikati kama hakimu. Kwa nini huku imetiiwa na kule haikutiiwa? Jibu la swali hilo ndilo hupata alama.

Wenyeji wa mwambao hawapaswi kuiona sanaa hii kuwa ngeni. Muyaka bin Haji alizitunga siasa za Mombasa katika mashairi wakati wa mvutano na watawala wa Omani, karne ya kumi na tisa. Na katika malumbano ya washairi, ajibuye bila ya kuielewa hoja ya mwenziwe huchekwa na hadhira. Kadhalika mtahini: humtaka mwanafunzi auseme upande asioupenda kwa nguvu zake zote, ndipo aujibu.

Ama mradi, huo ndio unaompambanua mwanafunzi. Bandari ya Lamu yaweza kumtosha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na gati ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2021. Humo mna maendeleo, mna haki, mna nguvu ya serikali na ya mwananchi aliyeishitaki. Lakini mwanafunzi asiende kwa mvuvi kama mtu aendaye sokoni kununua dondoo za kupambia ripoti. Yule ni mzee wa watu, na anayosimulia ni riziki ya nyumba yake. Aamkiwe, aelezwe kwa nini anaulizwa, na asikizwe. Kisha aulizwe afisa wa uvuvi, na mtu wa bandari, na kijana aliyetumaini kupata kazi hapo. Ripoti ya huruma tupu haifaulu, na ripoti isiyo na utu haifai.

Ushauri wangu kwa vijana ni huu: wekeni daftari, na kila mfano upewe ukurasa. Andikeni tarehe, wahusika, nani alinufaika, nani aliumia, na hoja moja inayoupinga. Fanyeni hivyo kila wiki tangu muhula wa kwanza, msingoje mkesha wa mtihani. Na mwisho wa insha toeni uamuzi wenu waziwazi. Vijana hawa ndio watakaotumwa kesho kwenda kututetea mbele ya mahakama za dunia. Nchi inayopeleka kasuku katika baraza la wanaohoji hurudi imepungukiwa na bahari.