Simu ya Mkononi na Hataza: Wazo ni la Nani?

Katika ziara zetu za kutembelea vikundi, tulikuta kikundi kimoja kikiwa na mjadala mkali. Kijana mmoja wao, fundi wa redio na simu, alikuwa ametengeneza kifaa cha kuchaji simu nane kwa pamoja kwa paneli moja ndogo ya sola. Miezi minne kabla ya hapo walikuwa wamekionyesha kwenye maonyesho ya kilimo, na watu wengi wakakisifu. Sasa bwana mmoja kutoka mjini alikuwa amekuja na maneno matamu: "Nipeni shilingi 40,000 niwaletee patenti ya dunia nzima."

Pesa zilikuwepo. Zilikuwa akiba ya kununulia tangi la maji. Wengine walisema tutoe, wengine walisema tungoje. Mama mweka hazina akatugeukia akasema, "Ninyi wageni wetu, hiyo patenti ni kitu gani hasa?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulirudi, tukasoma, tukauliza wanaojua. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunaona yafaa vikundi vyote vijue.

HATAZA NI NINI?

Hataza, ambayo wengi wetu tunaiita patenti, ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali. Haki hiyo humwezesha kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza kitu alichovumbua bila ruhusa yake. Hapa Kenya haki hiyo hudumu miaka 20 tangu tarehe ya kupeleka maombi, mradi mwenyewe alipe ada yake kila mwaka. Asipolipa, haki inakufa.

Lakini mvumbuzi naye ana deni. Lazima aeleze kwa maandishi na michoro jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, bila kuficha. Maelezo hayo hutangazwa ili wengine wajifunze, na muda ukiisha kila mtu ana ruhusa ya kuyatumia. Ni kama mtu aliyepewa kipande cha ardhi ya kijiji alime miaka 20, kisha kinarudi kuwa malisho ya wote.

Si kila wazo linapewa hataza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inataka mambo matatu: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi wa kawaida asingeiona kirahisi, na kiweze kutengenezwa au kutumika katika kazi za viwanda au kilimo. Njia ya kuendesha biashara haipewi hataza. Kwa hiyo kikundi kikipanga merigo-raundi kwa namna mpya, hiyo ni akili nzuri, lakini si hataza.

SIMU YA KWANZA YA MKONONI

Hebu tuangalie simu tunayoibeba mfukoni. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani mjini New York, Marekani, akapiga simu kwa kifaa alichokishika mkononi. Aliyempigia alikuwa Joel Engel, mhandisi wa kampuni ya Bell waliyokuwa wakishindana nayo. Simu ile ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, kama mfuko wa sukari.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo Motorola ilipeleka maombi ya hataza, na ikapewa Septemba 1975. Lakini simu yenyewe haikuanza kuuzwa hadi baada ya serikali ya Marekani kuikubali mwaka 1983, kwa bei ya karibu dola 4,000! Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Maana yake, karibu nusu ya muda wa haki ilipita kabla simu moja haijauzwa.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, hataza si pesa. Kati ya karatasi na soko kuna kazi kubwa. Pili, Cooper aliandikwa kama mvumbuzi pamoja na wenzake, lakini mwenye haki alikuwa kampuni iliyowaajiri. Kwa hiyo ni vizuri kuelewana mapema: kitu kikibuniwa, kitakuwa cha nani?

MCHEZA FILAMU NA MTUNGA MUZIKI

Hadithi nyingine itawashangaza. Hedy Lamarr alikuwa mcheza filamu maarufu, mzaliwa wa Vienna, Austria, aliyehamia Marekani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, yeye na mtunga muziki George Antheil waliwaza jinsi ya kuongoza silaha ya majini kwa redio bila adui kuvuruga mawimbi. Wazo lao lilikuwa kwamba chombo kinachotuma na kile kinachopokea virukeruke pamoja kutoka wimbi hadi wimbi, kwa mpango mmoja. Adui hawezi kufuata asiloujua mpango wake.

Walipewa hataza tarehe 11 Agosti 1942. Jeshi la majini la Marekani halikukitumia kifaa chao vitani. Muda wa hataza uliisha mwaka 1959, na wawili hao hawakupata chochote kutokana nayo. Leo Bluetooth, ile tunayotumia kutumiana nyimbo kati ya simu na simu, hurukaruka kutoka wimbi hadi wimbi mara 1,600 kwa sekunde moja. Si wao peke yao waliowahi kuwaza hivyo, lakini walikuwa miongoni mwa wa mapema, na sifa walizipata wakati wamezeeka au wameshafariki.

MIWANI INAYOONYESHA YASIYOKUWEPO

Vijana wanauliza pia juu ya miwani mipya ambayo mtu akiivaa huona picha na maandishi juu ya vitu halisi vilivyo mbele yake. Kumbe wazo hilo si la jana. Mwaka 1968 mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, Ivan Sutherland, aliandika juu ya chombo cha kuvaa kichwani kilichoonyesha michoro ya kompyuta ikielea mbele ya macho. Chombo kilikuwa kizito hata kilishikiliwa kutoka darini.

Kwa kuwa jambo hilo lilishaandikwa hadharani, hakuna mtu leo anayeweza kudai kwamba wazo zima la miwani hiyo ni lake. Anaweza kuomba hataza kwa sehemu aliyoiboresha tu: kioo, taa ndogo, au namna ya kupunguza moto wa betri. Ndiyo maana simu moja huwa na hataza nyingi mno za wenyewe mbalimbali, na ndiyo maana makampuni hushtakiana. Mwaka 2011 Apple iliishtaki Samsung huko Marekani kwa ajili ya umbo na matumizi ya simu. Kesi ilikwenda na kurudi hadi wakapatana mwaka 2018. Wenye fedha wanaweza kwenda mahakamani miaka saba. Je, sisi tunaweza?

TURUDI KWA KIFAA CHA SOLA

Sasa tuseme na kile kikundi, na vingine vyote vyenye mafundi.

1. Hakuna hataza ya dunia nzima. Hataza ya Kenya inalinda Kenya tu. Kuna njia ya kuomba nchi kadhaa za Afrika kwa pamoja kupitia shirika la ARIPO lenye makao Harare, Zimbabwe. Kuna pia mapatano ya kimataifa ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 1994. Lakini hata hapo kila nchi mnayoitaka lazima itajwe na ilipiwe. Anayewauzia ya dunia nzima kwa mkupuo anawadanganya.

2. Mahali pa kuuliza ni KIPI, taasisi ya serikali inayoshughulikia hataza, iliyoko Nairobi. Ulizeni ada huko huko, na mdai risiti.

3. Msionyeshe kabla ya kuomba. Mkishakionyesha hadharani, upya wake unaanza kupotea. Sheria ya Kenya humpa mwenyewe miezi 12 tangu siku ya kukionyesha awe ameleta maombi. Kikundi chetu kilikuwa kimetumia minne, kikabakiwa na minane. Nchi nyingi za Ulaya hazitoi nafasi kama hiyo.

4. Tafuteni kwanza kama kipo. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneza chombo cha kuchaji simu kwa dinamo ya baiskeli. Dinamo ilikuwepo tangu zamani, kwa hiyo swali lilikuwa: ni kipi kilichoongezwa? Jiulizeni hivyo hivyo.

5. Kwa maboresho madogo kuna cheti kingine, kinachodumu miaka 10. Kitu lazima kiwe kipya na kifae kutumika, lakini hakidaiwi ile hatua kubwa ya uvumbuzi. Mafundi wa jua kali wakifikirie.

6. Andikeni mapatano. Kisheria haki ni ya aliyevumbua. Ikiwa kikundi kilitoa pesa za vifaa, andikeni nani atapata nini kabla faida haijaja, maana ikishakuja masikio huziba.

MWISHO WA MAMBO

Tulipowarudia na majibu haya, mama mweka hazina alimwomba yule bwana aandike majina ya nchi zote atakazoandikisha, na ada ya kila moja. Alisema atarudi Jumatatu. Jumatatu nyingi zimepita, na tangi la maji limeshasimama nyuma ya ukumbi.

Kijana wetu naye amegundua kwamba sehemu nyingi za kifaa chake zinajulikana tayari. Kilicho kipya ni swichi aliyoibuni, inayozuia simu moja kunyonya nguvu ya nyingine. Ameichora vizuri, na kikundi kimekubali kumlipia nauli akaulize kuhusu kile cheti cha miaka 10. Miezi iliyobaki inahesabika, asikawie.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
- Ni nani kati yetu ametengeneza kitu ambacho hatujakiona kwingine?
- Tumekionyesha wapi, na lini?
- Kikileta pesa, tutagawanaje?