Fungu la Mtoto Mwenye Usonji ni Amana

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kumzungumzia mtoto ambaye katika nyumba zetu nyingi hatajwi mbele ya wageni, naye ni mtoto mwenye usonji, pamoja na wenziwe wenye ulemavu wa akili. Wazazi wao wana swali moja linalowanyima usingizi: sisi tukishafariki, nani atamtazama huyu? Jibu la sharia lipo, nalo linatutaka tuanze kulitekeleza tungali hai.

Kwanza tuifahamu hali yenyewe. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo, na dalili zake kwa kawaida huanza kuonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 3. Ataitwa kwa jina asigeuke, atachelewa kusema, atarudia jambo moja mara nyingi, kelele ndogo zitamtia katika dhiki kubwa. Daktari Leo Kanner aliielezea hali hii nchini Marekani mwaka 1943, na tangu hapo wataalamu wamebainisha kwamba haisababishwi na malezi mabaya. Si laana, wala si malipo ya dhambi za mama. Qur'ani imetufundisha kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine.

Dua na kisomo hatukatazi. Lakini mwenye kumzungusha mtoto kwa waganga, leo huku na kesho kule, anapoteza fedha, na lililo zito zaidi anapoteza ile miaka ya mwanzo ambamo mafunzo ya kusema na ya kujihudumia hufaa zaidi. Mzazi wa Bagamoyo na aanzie katika hospitali ya wilaya, naye akihitaji huduma zaidi ataelekezwa Muhimbili. Aidha, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake.

Tutazame mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kuwa palikuwa na mwanamke Madina mwenye tatizo la akili. Alimwambia Mtume kwamba ana haja naye. Mtume (s.a.w.) hakumfukuza wala hakumwachia mtu mwingine, bali alimwambia achague njia yoyote aitakayo ili amsikilize. Akasimama naye kando ya njia mpaka haja yake ikamalizika. Kiongozi wa umma alimpa mwanamke huyo muda wake, tena mahali ambapo kila mpita njia aliweza kuwaona.

Je, sisi tunafanya hivyo? Mara nyingi mzigo wote humwangukia mama. Ni wajibu wa baba kukaa na mwanawe, na wa shangazi na mjomba kumpokea walau alasiri moja kwa juma ili mama apumzike. Mwalimu wa madrasa ajue kuwa kiboko hakimfundishi mtoto asiyestahimili kelele. Amkalishe pembeni penye utulivu, na ampe neno moja moja. Kwetu pwani kuna jambo jingine la hatari. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, tena hutoka nyumbani bila kuaga. Basi majirani, wavuvi na wauza samaki wa ufukweni wamjue mtoto kwa jina na nyumba yake, na visima vifunikwe.

Sasa tuje kwenye mirathi, maana hapa ndipo dhuluma inapojificha. Kutoka Bunju, Mapinga na Kerege hadi Zinga na Bagamoyo mjini, thamani ya ardhi imepanda. Shamba la minazi la babu likiuzwa, wapo wanaosema: huyu hajui fedha, tutamlisha tu. Wanachuoni wa fiqhi wametaja vizuizi vya mirathi kuwa ni utumwa, kumwua mrithiwa na tofauti ya dini. Ulemavu haumo. Mwana mwenye usonji, wa kiume au wa kike, anarithi fungu lile lile la ndugu zake wa jinsia yake. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 5, tumeamrishwa tusiwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, bali tuwalishe na kuwavisha kutokana nayo, na tuseme nao kwa wema. Kwa hiyo msimamizi hulinda tu, na mwenye mali hubaki kuwa yule yule mtoto.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, msimamizi wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeteuliwa, kisha kadhi. Mama hashiki nafasi hiyo mpaka ateuliwe, naye akifaa ndiye bora wa kuteuliwa kuwa wasii. Basi ewe baba, andika leo, mbele ya mashahidi waadilifu. Kama uwezo upo, weka wakfu chumba cha kupangisha au minazi kwa matunzo yake. Na siku ya kikao cha ukoo, muhtasari unapoandikwa ili upelekwe Mahakama ya Mwanzo, jina la mtoto huyo lisomwe kwa sauti pamoja na majina ya warithi wenzake.

Kalamu ya dhambi imeinuliwa kwa asiyekuwa na akili timamu. Sisi tulio timamu haijainuliwa kwetu, na tutaulizwa juu ya amana hii.

Ewe Mola wetu, wape subira wazazi wa watoto hawa, wape wasimamizi waadilifu, na utukinge na kula mali ya mnyonge. Amin.

Wabillahi taufiq.