Je, Wajua? Plastiki Nyeusi Juu ya Taa za Gari

Je, wajua kwamba ukibandika plastiki nyeusi juu ya taa za mbele kisha ukashika barabara ya Isebania kwenda Migori, polisi hana haja ya kutafuta sheria inayotaja tinti? Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake vyote, taa zikiwamo, viwe katika hali isiyohatarisha abiria wala watumiaji wengine wa barabara. Taa iliyofifishwa inanaswa hapo hapo.

Adhabu iko kifungu cha 58: faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Pesa hizo zinanunua pikipiki mpya na chenji ikabaki.

Je, wajua hesabu ya plastiki hiyo? Tuseme dimu yako inakuonyesha mita 60 mbele. Weka plastiki inayopitisha nusu tu ya mwanga, na mwangaza uleule sasa unaishia kama mita 42. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linahitaji takriban mita 53 kusimama kwenye lami kavu, kuanzia dereva anaposhtuka hadi magurudumu yatulie. Maana yake mtu anayesukuma baiskeli gizani utamwona, lakini utakuwa umechelewa. Kwangu mimi mjadala wa urembo unaishia hapo.

Je, wajua kwamba taa moja ikififia sana, gari lako kwa mbali huonekana kama bodaboda? Anayekuja mbele yako hukuachia nafasi ya pikipiki.

Taa nyekundu mbele je? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unaikataza. Nyekundu ni ya nyuma. Ukiiweka mbele, wanaokuona usiku hawajui kama unawajia au unawaacha.

Manjano ina historia yake. Ufaransa ililazimisha magari yake kuwa na taa za mbele za manjano tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1993.

Je, wajua kwamba kuna nchi iliyowahi kuamuru taa zifunikwe? Uingereza, Septemba 1939, kwa kuhofia ndege za Wajerumani. Mwaka 1941 watu 9,169 walikufa katika barabara zake, idadi kubwa kuliko mwaka mwingine wowote katika rekodi za nchi hiyo, ingawa magari yalikuwa machache kuliko leo. Giza lilichangia pakubwa.

Hata leo Mwingereza anayevuka kwenda Ufaransa hubandika kipande cheusi kwenye taa, kwa sababu huko magari hupita kulia na dimu yake ingewachoma macho wanaokuja. Wewe ukivuka kutoka Isebania kuingia Sirari huna kisingizio hicho: Kenya na Tanzania zote hupita kushoto. Kinachobadilika ni sheria tu. Ng'ambo unashikwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Na je, wajua kwamba gari lako huenda limejitia tinti lenyewe? Vioo vya taa za siku hizi ni plastiki ngumu, na jua huila ngozi yake ya juu. Pitisha kidole: ukihisi ukavu kama wa chaki na kuona rangi ya chai ya maziwa, mwanga unapotea. Dawa ya meno huing'arisha kwa muda mfupi. Fundi mzuri huisugua kwa msasa wa maji, kuanzia ule mkali hadi laini, akapiga polishi, kisha akapaka rangi angavu ya kuzuia jua. Asipoipaka hiyo ya mwisho, ukungu unarudi upesi.

Jioni hii, kabla hujawasha gari, futa taa zote mbili kwa kitambaa chenye maji, washa dimu, kisha simama mbele yake utazame. Ukikuta plastiki nyeusi, ibandue.