Usiulize Boksi, Uliza Chipu

Mama mmoja mwenye stesheneri maeneo ya Miyomboni, Iringa, aliniita nikiwa Mbeya. Nilipanda basi la asubuhi, nikapita Makambako na Mafinga, nikafika kwake na flashi mbili na waya wa simu mkobani. Kompyuta zake tatu za mezani ni za mtumba, zina nguvu ya kutosha kuchapa barua na kujaza fomu za wanafunzi mtandaoni, ila hazikuja na waifai. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwanawe alizibadilisha akaweka mfumo wa Linux Mint 21 kutoka kwenye flashi aliyokuwa nayo. Kisha akanunua adapta ya USB, ile ndogo inayolingana na ukucha wa kidole gumba.

“Kamwene mama.”

“Kamwene, mwanangu. Hiki kidude nimekichomeka tangu juzi, mtandao hakuna. Kimekufa?”

Hakikuwa kimekufa. Tatizo la namna hii nalikuta Mwanjelwa, nalikuta Uyole, nalikuta kwenye vyumba vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita Iringa na Mbeya hadi mipakani, Tunduma kwa Zambia na Kasumulu kwa Malawi. Intaneti inasafiri mamia ya kilomita chini ya ardhi, halafu inakwama mita tatu za mwisho, kati ya rauta iliyo ukutani na kompyuta iliyo mezani. Hapo watu huilaumu Linux, wengine huitupa adapta, na mara nyingi vyote viwili ni vizima.

Adapta ya waifai ni redio ndogo, na moyo wa redio hiyo ni chipu. Kampuni iliyoandika jina lake kwenye boksi kwa kawaida haikuitengeneza chipu hiyo. Imeinunua kwa watengenezaji wachache kama Realtek, MediaTek au Qualcomm. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, huandikwa kwa ajili ya chipu. Jina la boksini halihusiki. Mfano mzuri ni TL-WN722N ya TP-Link. Toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaifahamu kwa miaka mingi. Toleo la 2 na la 3 yana chipu ya Realtek RTL8188EUS, inayotumia draiva nyingine kabisa. Jina ni lile lile. Kwa hiyo rafiki anayekwambia “nunua kama yangu” anasema kweli kuhusu ya kwake, na wewe ukanunua nyingine bila kujua.

Chipu huulizwa hivi. Chomeka adapta, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika lsusb, bonyeza Enter. Kila kifaa kitatokea kwenye mstari wake, na katika mstari huo kuna neno ID likifuatiwa na alama nane, nne kabla ya nukta pacha na nne baada yake. Nne za kwanza zinamtaja mwenye kifaa: 0bda ni Realtek, 148f ni Ralink, 0e8d ni MediaTek, 2357 ni TP-Link. Nne za mwisho ni kifaa chenyewe. Ziandike zote kwenye karatasi. Ukitafuta msaada mtandaoni, tafuta kwa alama hizo nane, maana ukitafuta kwa jina la boksini utapewa majibu ya kifaa cha mtu mwingine.

Ya mama ilionyesha 0bda:1a2b. Namba hiyo huwapotezea watu siku nzima, kwa sababu wakati huo kifaa hakijawa redio. Kimejitambulisha kama diski. Adapta nyingi za sasa zimebeba draiva ya Windows ndani yake, na zikichomekwa hujifanya kuwa sidii ili mtumiaji wa Windows aisakinishe. Mtumiaji wa Linux hana haja nayo, bali anatakiwa kuitoa hiyo “sidii” ndipo redio ijitokeze. Wakati mwingine inatosha kubofya alama ya diski kwa kitufe cha kulia na kuchagua kuitoa. Ikigoma, kuna programu iitwayo usb_modeswitch, na amri yake ni hii:

sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Nilipoandika lsusb mara ya pili, namba ilikuwa imegeuka kuwa 0bda:c811. Sasa tulikuwa na redio, lakini mitandao bado haikuonekana. Nikaandika uname -r ili kujua keneli, yaani kiini cha Linux, ni ya toleo gani. Ikajibu 5.15. Draiva za USB za kundi hilo la chipu ziliingia kwenye keneli kuanzia toleo la 6.2. Dawa ikawa kusasisha keneli tu, kazi ambayo Mint huifanya kupitia kidirisha chake cha masasisho.

Ila kusasisha kunataka intaneti, na intaneti ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Hapo waya wa simu ukatoka mkobani. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya, kisha ukawasha kwenye mipangilio yake kushiriki intaneti kwa USB, Linux huiona kama mtandao wa kawaida wa waya, bila draiva ya ziada. Masasisho hayo yanaweza kula mega mia kadhaa, kwa hiyo usianze ukiwa na bando la mwisho wa siku. Heri zaidi, kama rauta ipo, iunganishe simu na waifai ya rauta kwanza: simu itaipokea waifai na kuipitisha kwenye waya, bando lako libaki salama. Simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka inaweza kuifanya kazi hiyo mwaka mzima, ikawa ndiyo adapta.

Kuna jambo ninalolishikilia hata mafundi wenzangu wakinipinga. Ukiambiwa upakue draiva ya pembeni na kuiunda mwenyewe, ifanye iwe hatua ya mwisho. Draiva hiyo inaweza kukwama siku keneli itakaposasishwa, na kwenye kompyuta yenye Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, inaweza kukataliwa kwa kukosa sahihi. Mwenye duka hawezi kumwita fundi kutoka Mbeya kila baada ya masasisho. Ni bora kupandisha keneli, au kununua adapta ambayo chipu yake keneli inaijua tayari.

Ikiwa chipu inajulikana na bado kimya, andika sudo dmesg usome mistari ya mwisho. Huenda inalalamikia fimwea, kiprogramu ambacho chipu hupakiwa kila inapowashwa. Kwenye Mint na Ubuntu kimo katika kifurushi cha linux-firmware. Ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza na huwatisha vijana wengi, jambo linaloniuma, kwa sababu tangu 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatupa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Lugha iliweza. Kilichopungua ni mikono ya kuendeleza.

Kwa mama, keneli mpya ilipoingia na kompyuta kuwashwa upya, jina la mtandao likatokea, ila mawimbi yalikuwa dhaifu. Adapta ilikuwa nyuma ya kasha la chuma, imeelekea ukuta wa matofali ya kuchoma, kwenye tundu la bluu la USB 3. Mwaka 2012 Intel ilieleza kwamba matundu hayo na nyaya zake hutoa kelele inayoingilia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo waifai nyingi huyatumia. Tulitafuta waya wa kurefusha USB wa mita moja, tukaining’iniza adapta juu ya rafu ya madaftari, na kasi ikatosha kufungua fomu ya mwanafunzi aliyekuwa akisubiri benchini.

Mama akaomba karatasi niliyoandikia zile alama nane. Akaibandika ukutani, chini ya bei za kutoa kopi, kwa ajili ya siku atakayonunua adapta mbili zilizobaki.